Refa wa Mpira Yai

Refa alikimbia kinyumenyume. Sisi wengine tulikimbia kuufuata mpira, yeye aliutangulia huku akiutazama, mgongo mbele, viatu vyake vya turubai vikijitafutia njia vyenyewe. Alisema refa anayewapa wachezaji mgongo ni sawa na mchungaji anayejua idadi ya mbuzi wake kwa kusikiliza kengele. Na kwa kuwa uwanja wetu wa Kwai umeinama, kama kila kitu huku milimani, ilifika siku alikimbia kinyumenyume akiteremka, akapita mstari, akapita watazamaji, akaenda kukaa kitako katikati ya kabichi za watu. Filimbi ilikuwa bado mdomoni. Akaipuliza palepale alipokaa, akanyoosha mkono kuonyesha nani amecheza rafu, na hakukosea.

Sikumbuki mtu aliyemwita kwa jina. Msikitini imamu akitaka safu inyooke humwambia, "Refa, sogea kidogo." Watoto walimwamkia, "Shikamoo Refa." Shangazi yangu, ambaye mambo yake na Refa nitayasimulia, alimwita hivyo hivyo hata baada ya kuwa mume wake.

Kazi yake hasa ilikuwa udereva. Aliendesha gari la maziwa, akipita asubuhi kukusanya madumu kwa wafugaji na kuyapeleka mjini Lushoto. Ukiwa unamfahamu uwanjani tu, ungedhani gari lile lilipita kwa saa kama jua. Wapi. Uwanjani robo ya mchezo ikiisha imeisha, hata kama mpira uko hewani na roho za watu ziko nao. Barabarani alisimama kila penye mtu. Alimuuliza kila mzee habari za mgongo wake, alishuka kutazama ndama aliyezaliwa, alipokea chai kwenye nyumba tatu na kuisifia yote. Maziwa yalifika mjini, ila yalifika yakiwa na habari za tarafa nzima.

Ni kwa sababu ya gari hilo ndipo mpira yai ukamfikia yeye kwanza. Miaka hiyo alikuja kwetu daktari wa mifugo kutoka Australia, jamaa mrefu mwenye nyusi nyeupe, akakaa misimu kadhaa akiwafundisha wafugaji mambo ya ng'ombe wa maziwa. Alikuwa akipanda gari la Refa kwenda kutazama mifugo, na siku moja akapanda na mpira uliochongoka pande mbili kama yai. Refa alimuuliza kama umeharibika. Yule daktari akacheka, akamweleza kwamba kwao huo ndio mpira, na watu wanapanda juu ya mabega ya wenzao kuudaka. Refa hakuendelea na safari mpaka ameonyeshwa. Madumu yalikaa juani, na sisi vijana tuliokuwa tunapalilia viazi juu ya barabara tukashuka na majembe mkononi kutazama watu wazima wawili wakirushiana yai.

Hivyo ndivyo mpira yai ulivyoanza Kwai. Milingoti minne ya mikaratusi kila upande. Ukipiga mpira kwa mguu ukapita kati ya ile miwili ya katikati, unapata sita; ukipita pembeni, moja. Ukiudaka hewani bila kugusa chini, mchezo unasimama, unapiga bila kusumbuliwa na mtu. Refa huanzisha kwa kuudundisha chini kwa nguvu, na kwa umbo lile na mteremko ule, hata Mwenyezi Mungu alisubiri kuona utaelekea wapi. Mara nyingi ulielekea bondeni. Tulipoteza muda mwingi wa ujana wetu kuufuata mpira mtoni.

Baada ya muda zilikuwapo timu kadhaa: sisi wa Kwai, vijana wa mjini, na wengine wa vijiji vya jirani. Hata Mnazi, kule chini kwenye joto, walipata timu. Walipopanda kuja kwetu walicheza robo ya kwanza wakitetemeka, wamevaa masweta juu ya jezi. Sisi tulipoteremka kwao tulicheza kama nta iliyowekwa juani.

Yule daktari aliporudi kwao aliacha mipira na jambo moja zaidi. Alituambia kwamba katika mpira wao heshima kubwa kuliko zote haiendi kwa mfungaji. Inakwenda kwa mchezaji aliye bora na tena mwadilifu, na wanaochagua ni marefa wenyewe, mechi baada ya mechi, kwa siri, mpaka mwisho wa msimu. Na mtu aliyefungiwa kwa rafu haipati, hata angecheza kama malaika. Kiswahili chake kilikuwa cha zizini, kwa hiyo alichosema ni "bora na msafi". Msimu wa kwanza watu walimwelewa hivyo. Mchezaji mmoja wa mjini alikuja kila mechi na jezi iliyopigwa pasi, na wakati wa mapumziko alikwenda kunawa mtoni na sabuni, akarudi akinukia, akitazama upande wa Refa. Refa aliona aibu kumwambia. Msimu uliofuata akabadilisha maneno, tuzo ikaitwa Bora na Muungwana.

Kura ziliwekwa kwa maharage. Kila mchezaji alikuwa na chupa yake ya plastiki yenye jina, zimepangwa kabatini kwenye kituo cha maziwa, kabati lina kufuli na ufunguo uko shingoni kwa Refa. Mechi ikiisha, yeye na wenzake wawili waliosimamia pembeni walijifungia humo. Maharage matatu kwa aliyewazidi wote, mawili kwa anayemfuata, moja kwa wa tatu. Mwisho wa msimu chupa zililetwa uwanjani na kinamama wakahesabu mbele ya watu. Zawadi ilikuwa mtamba, ng'ombe jike wa maziwa ambaye hajazaa, waliyemtoa wafugaji kwa pamoja. Anayejua milima yetu anajua maana yake. Mtamba ni ada ya shule, ni samadi ya kabichi, ni chai ya mchana, ni kuheshimiwa.

Mimi nilikuwa beki, na sikuwa beki mzuri. Katika misimu yangu yote nilipata harage moja. Nakumbuka mechi ilikuwaje: mpira ulitoka nje, kila mtu akadhani umemgusa mpinzani, Refa mwenyewe akawa tayari kutupa sisi. Nikamwambia umenigusa vidole. Wakapewa wao, wakafunga, tukafungwa, na wenzangu hawakunisemesha njia nzima. Kama harage lilitokana na hilo au na jambo jingine sijui, maana Refa hakueleza kura yake kwa mtu. Ukimuuliza alisema, "Maharage hayana mdomo." Nilipoleta harage langu nyumbani nikaliweka dirishani nilitazame. Shangazi akalichukua akalipanda pamoja na mengine.

Misemo ya Refa ilikuwa mingi, mingine ya wazee, mingi ya kwake. Alisema kucheza vizuri ni mwili na uungwana ni nguo, na hajamwona mtu aliyesifiwa mwili akipita sokoni uchi. Alisema aliyeshinda kwa kiwiko akakishukuru kiwiko. Mchezaji akilalamika kwamba uwanja umeinama humjibu kwamba mlima haumchukii mtu, unamteremsha tu. Misemo hii aliitoa kwa Kiswahili. Akianza kusema nawe Kishambaa polepole, ujue jambo limekuwa zito, na bora utafute pa kukaa.

Lakini mtu huyu huyu, aliyeaminiwa na vijiji vyote hivyo, alikuwa mwizi wa drafti. Hilo lazima niliseme, la sivyo nitakuwa nimemchora nusu. Mjini, wakati madumu yanateremshwa, alicheza drafti nje ya duka la fundi baiskeli kwa vizibo vya soda, na aliiba waziwazi. Alisogeza kete kwa kiwiko huku akikuonyesha ndege. Alipiga chafya na kete mbili zikahama. Nilimwona kwa macho yangu akimeza kizibo, au akijifanya amekimeza, kisha akibisha kwamba hakikuwepo. Fundi baiskeli alimuuliza siku moja, mbele yetu, haoni haya yeye refa mzima. Refa alitazama kushoto, akatazama kulia.

"Hapa refa yuko wapi?" akauliza.

Na aliogopa kuku. Ng'ombe dume aliyevunja kamba alimshika pembe akamrudisha zizini, lakini jogoo akimfuata alipanda kwenye gari na kufunga kioo.

Sasa mambo ya Shangazi. Mimi na kaka yangu Hemedi tulilelewa naye, yeye ni dada wa baba yetu. Alikuwa mjane, mwenye shamba la karoti na kabichi juu ya barabara na ng'ombe wawili wa maziwa, mwanamke mrefu asiyecheka ovyo. Dumu lake lilikuwa la mwisho kabla gari halijageuka, na tuliona kwamba kwa Shangazi gari lilikuwa likichemka sana. Refa alifungua boneti, akaomba maji, akasubiri injini ipoe. Injini ilichukua muda mrefu kupoa hata asubuhi za mwezi wa saba, wakati sisi tunaota moto ndani. Shangazi alimletea maji, kisha maji yakawa chai, kisha chai ikawa na maandazi. Hatimaye tukasikia kutoka kwa baba mdogo kwamba Refa ameandaa washenga, na watakuja mavuno ya viazi yakipita.

Msimu huo Hemedi alikuwa moto. Sisemi kwa sababu ni kaka yangu. Aliruka kuudaka mpira ukadhani kuna ngazi ambayo sisi hatuioni, na akiwa na mpira mkononi alipita kati ya watu kama maji kati ya mawe. Kura ni siri, lakini kila mtu alijua chupa yake ndiyo nzito. Shangazi hakuwa mtu wa kuhesabu vifaranga kwenye mayai, ila tuliona ameongeza chumba kwenye banda la ng'ombe, akatandika na majani makavu. Tukiuliza alisema anapanga vitu vyake.

Ilibaki mechi moja, dhidi ya Mnazi. Wao walikuwa na kijana anaitwa Salimu, mwembamba, mpole, mkulima wa mpunga, ambaye alipewa kazi ya kumkaba Hemedi. Akamkaba. Popote Hemedi alipokwenda alimkuta Salimu amefika, na hakumshika jezi wala hakumkanyaga, alikuwepo tu. Hemedi alianza kutukana chinichini. Robo ya mwisho mpira ulikuwa umeshapigwa upande wa pili, macho yote yamekwenda huko, uwanja mzima unapiga kelele. Filimbi ikalia. Tukageuka, tukamwona Salimu amepiga magoti, mkono mdomoni, damu inapita kwenye vidole. Hemedi amesimama kando yake, mikono hewani, akiapa kwamba hajamgusa.

Aliyeona alikuwa mtu mmoja, kwa sababu ni mmoja tu aliyekuwa anakimbia kinyumenyume, ameupa mpira mgongo. Wenzake wawili wa pembeni walikiri kwamba wao waliufuata mpira. Salimu alipoulizwa alisema ameumia, na zaidi ya hapo hakusema. Refa angeweza kutoa onyo tu, mchezo ukaendelea. Washenga wake walikuwa waende kwa Shangazi wiki hiyo hiyo.

Alimwita Hemedi karibu, akasema naye Kishambaa, polepole. Mimi nilikuwa hatua chache tu nyuma yao. Alimwambia kwamba amemwona akimpiga mwenzake kwa kiwiko mpira ukiwa haupo, kwamba anatoka nje, na kwamba chupa yake inatolewa kabatini.

Nyumbani Hemedi alimwapia Shangazi kwamba hakumpiga mtu, kwamba yule wa Mnazi aliteleza. Shangazi alimwamini. Angefanyaje? Amemlea. Asubuhi yake dumu la maziwa liliwekwa peke yake kando ya barabara na mlango ulikuwa umefungwa. Gari lilisimama, boneti ikafunguliwa, hakuna maji yaliyotoka. Likaondoka. Washenga walipofika Shangazi aliwapokea kwa heshima zote, akawachinjia kuku, akawapikia wali, wakala wakashiba, na walipotaka jibu aliwaambia kwamba bado anafikiri. Wakashika njia. Jioni hiyo akipanguza sufuria alisema na sisi, bila kututazama.

"Mtu mmoja tu ndiye aliyeona. Mmoja. Na huyo mmoja ndiye anayetaka kula ugali wangu."

Kijiji kiligawanyika. Kuna waliosema Refa kazeeka macho, kuna waliosema kamhonga mtu wa Mnazi au kahongwa naye, na kuna waliosema tu kwamba ni mjinga: mtu anayetaka mke hamtoi nje mtoto wa mwanamke huyo. Mvua za vuli zikaanza, barabara ikawa tope, na kila asubuhi gari lile lilipanda, likasimama, likachukua dumu, likashuka. Nililipanda siku moja kwenda mjini. Sikuweza kuvumilia, nikamuuliza kwa nini hajaja kumweleza Shangazi mwenyewe ilivyokuwa. Akasema kwamba akienda kumweleza, atakuwa anamwomba achague kati yake na mtoto aliyemlea, na hilo si jambo la kumfanyia mtu unayempenda. Kisha akasimamisha gari kumuuliza mzee mmoja habari za mgongo wake.

Siku ya tuzo watu walijaa mpaka juu ya matuta. Shangazi alikuja pia, nadhani ili watu wasiseme amekaa ndani kwa aibu. Alisimama mbali, amejifunga khanga yake kifuani, uso kama ukuta. Kinamama wakahesabu maharage. Chupa ya Hemedi haikuwepo, na Refa hakuitaja. Mwenye maharage mengi alikuwa Salimu wa Mnazi.

Alipoitwa hakuamini, wenzake walimsukuma. Midomo ilikuwa imepona ila jino moja la mbele halikuwepo, na alicheka hivyo hivyo. Wakamletea mtamba, mnyama mzuri wa rangi ya kahawia, shingoni kamba mpya. Salimu akaushika uso wa mnyama, akautazama, na furaha yake tukaiona inapungua mbele yetu. Akaomba kusema. Akawashukuru wote, kisha akasema kwamba ng'ombe huyu ni wa baridi, na Mnazi ni moto. Akimteremsha hatamaliza kiangazi. Kumwuza hataki, kwa sababu hii ni heshima na heshima haiuzwi. Aliuliza kama kuna mtu wa huku juu ambaye atakubali kumtunza, anywe maziwa yake, na akizaa wagawane ndama.

Watu walitazamana. Mikono mingi ingeinuka, nani angekataa? Lakini kabla haijainuka, Hemedi alikuwa ameshatoka katikati ya watu. Alitembea kama mtu anayevuka mto asioujua kina. Alipofika mbele ya Salimu akasema kwa sauti ambayo sote tuliisikia.

"Kiwiko kilikuwa changu. Nilikupiga na nikaapa uongo. Ukikubali, nitamtunza mimi. Nyumbani kuna chumba."

Sikumtazama Hemedi tena baada ya hapo, nilimtazama Shangazi. Alikuwa amefunika mdomo kwa ncha ya khanga. Salimu alifikiri kidogo, halafu akasema kwamba atakuja kumtazama kila baada ya mavuno, na akimkuta amekonda atamchukua. Akamkabidhi Hemedi kamba. Ilianza na mama mmoja kupiga vigelegele, kisha uwanja mzima ukalipuka. Vijana wa Mnazi na wetu wakawabeba wote wawili juujuu, na mtamba akashtuka, akakata kamba, akateremka bondeni, tukamfukuza mpaka mtoni tukicheka kama wehu.

Nilikuwa narudi nimelowa mpaka magotini nilipomwona Shangazi amemfuata Refa kwenye gari. Refa alikuwa akifuta kioo kilichokuwa safi. Shangazi alisimama kwa adabu, akatazama chini, akasema, "Washenga wako walisahau mwavuli kwangu. Waje wauchukue."

Refa aliendelea kufuta kioo. Alijibu kwamba atawaambia, hata kesho asubuhi.

Hakukuwa na mwavuli wowote. Nilikuwepo siku walipokuja mara ya kwanza, na siku hiyo jua lilikuwa likiwaka.

Walioana, wakaishi vizuri. Hemedi alimfuga yule mtamba wa Salimu pamoja na ng'ombe wa Shangazi, na Salimu alikuwa akipanda kila baada ya mavuno na gunia la mchele begani, akikaa siku mbili au tatu, yeye na Hemedi wakibishana juu ya mechi ile. Walikuja kuwa kama mtu na ndugu yake. Watoto wa Salimu wanamwita Hemedi baba mkubwa. Nyumbani Refa alimfundisha Shangazi drafti, na nadhani alidhani amepata mtu wa kumwibia kwa amani. Ndani ya mwezi mmoja Shangazi alikuwa akimshika mkono kabla haujafika kwenye kete. Aliushika tu, akaurudisha kwenye paja lake, akaendelea kucheza. Nasikia mzee alifurahi sana kushindwa kihalali, ingawa hakuacha kuiba.

Mimi nilihamia Tanga, nafanya kazi ya umeme, na kuja nyumbani ni sikukuu kwa sikukuu. Kila nilipokuja nilimkuta Refa ameteremka kidogo zaidi. Kwanza aliacha gari, kisha akaacha uwanja, macho yakawa na ukungu ambao daktari wa macho alisema utaondolewa lakini yeye akawa anaahirisha. Alisema ameshaona vya kutosha, waone wengine. Alitumia miaka yake ya mwisho uwanjani kumfundisha mrithi wake, binti mmoja mwalimu wa shule ya msingi, mtoto wa watu wa kutoka Tanga aliyekuja kwetu hajui hata kupanda tuta. Watu walinong'ona kwamba mwanamke atawezaje kuwaamulia vijana. Refa aliwaambia filimbi haina ndevu.

Idd iliyopita nilikuja na mke wangu na watoto. Mechi ya mwisho ilikuwa siku ya pili yake, sisi na vijana wa mjini, na Refa akaniomba nimpeleke. Shangazi alimvalisha koti, akamfunga skafu, akaniambia nisimwache asimame sana. Nikamshika mkono tukashuka polepole. Kila aliyetuona alimwamkia, na yeye alimjua kila mtu kwa sauti, akauliza habari za migongo.

Tulisimama karibu na mstari. Binti alikuwa amevaa suruali ya michezo na hijabu nyeupe, filimbi shingoni. Alichezesha vizuri, hata mimi ambaye ni beki mbaya niliona. Ilikuwa robo ya tatu, sisi tuko nyuma kwa kidogo, kijana wetu akadaka mpira mzuri karibu kabisa na milingoti. Binti akapuliza, akaonyesha kwamba alimsukuma mpinzani mgongoni kabla ya kuruka. Mpira ni wao. Watu wa Kwai wakaguna.

Kando yangu Refa akapaza sauti. Si kuguna, alipaza sauti kama mlevi wa sokoni. Alisema si kweli, hakuna aliyesukumwa, refa gani huyu, arudi shuleni akafundishe kuhesabu. Nilimvuta koti. Akaendelea. Akavuka mstari, akaingia uwanjani na fimbo yake hatua mbili tatu, huku akisema aliyefundisha refa huyu aone haya.

Filimbi ikalia. Mchezo ukasimama, nikasikia maji ya bondeni. Binti alikuja mpaka mbele yetu. Akapiga goti kidogo, kama anavyofanya mtoto aliyelelewa.

"Shikamoo, Babu."

"Marahaba," Refa akajibu.

"Tafadhali naomba utoke nje ya uwanja. Nje kabisa, kule juu barabarani. Mechi haitaendelea mpaka utoke."

Wazee wawili walianza kusema kwamba si adabu, huyu ndiye aliyeleta mpira wenyewe. Binti alisimama pale pale, saa mkononi, akisubiri. Refa aligeuka, akanyoosha mkono kunitafuta, nikamshika, tukapanda. Kila mtu alikuwa akitutazama. Mechi ikaendelea nyuma yetu, na mimi nilikuwa natafuta maneno ya kumwambia, nikijiuliza nitamweleza nini Shangazi.

Barabarani nilimkalisha juu ya jiwe chini ya mikaratusi. Aliinamisha kichwa, mabega yakaanza kutikisika, nikafikiri mzee analia. Nikachuchumaa mbele yake. Alikuwa anacheka. Alicheka bila sauti mpaka machozi yakafuata mikunjo ya mashavu yake, na alipopata pumzi alinishika bega.

"Wewe uliona kusukumwa?" akaniuliza.

Nikamwambia ndiyo, alimsukuma, tena sana.

"Mimi sikuona kitu. Hata mpira sikuuona. Nilitaka kujua kama atanitoa." Akajifuta uso kwa skafu. "Ameniamkia kwanza, umesikia? Ameniamkia, ndipo akanitoa."

Alikaa akitikisa kichwa, akirudia lile neno la mwisho kwa Kishambaa, peke yake. Chini yetu kelele zilipanda ghafla. Akainua shingo.

"Nani ana mpira?"

Nilisimama juu ya jiwe jingine nione vizuri. Nikamwambia ni wao, kijana mmoja mwembamba wa mjini, amewapita wetu wawili, anaelekea kwenye milingoti.

"Anacheza safi?"

"Safi, Refa."

"Basi mwache aende," akasema, akavuta koti lake vizuri na kuegemea mti.